Mtoto wa mbwa wa kulinda shamba: chanjo zianze lini, na ziwe ngapi?

Mkulima wa Kiuyu, Pemba, anauliza:

Assalaamu alaykum, ndugu zangu.

Naomba msaada wa wenye ujuzi katika jambo ambalo huku kwetu ni vigumu kumpata wa kumuuliza, kwa kuwa wanaofuga mbwa kwa kukusudia ni wachache, na wanaomfikisha mbwa kwa daktari ni wachache zaidi. Nina shamba la muhogo na kunde, na msimu huu tumbili wamenizidi nguvu. Huja jua likiwa kali, wakati watu wamesharudi majumbani. Hung'oa muhogo, wakautafuna kidogo na kuutupa, kisha wakahamia shina jengine, na mtu ukirudi alasiri unakuta tuta zima limefukuliwa. Sanamu niliyoisimamisha waliiogopa siku mbili tatu, kisha wakawa wanaikalia. Shemeji yangu wa upande wa Konde ana mbwa jike aliyezaa, naye ameniwekea dume mmoja ambaye, kwa makadirio yake, ana wiki saba hivi. Mama yake alichanjwa kichaa cha mbwa katika kampeni iliyopita shehiani kwao, lakini hakuna anayekumbuka kama aliwahi kupata chanjo nyengine.

Nataka kumtunza mnyama huyu ipasavyo tangu mwanzo, ila ushauri ninaoupata unapingana. Jirani yangu, mtu mzima aliyefuga mbwa wa kusaka kwa miaka mingi, ananiambia kuwa sindano moja ya kichaa cha mbwa yatosha, tena isipigwe mapema, kwani mtoto akichomwa angali mdogo hupoteza ukali na pua yake haishiki harufu tena. Kijana mwengine aliyekaa Dar es Salaam ananiambia kuwa zinahitajika sindano tatu au nne za mchanganyiko, mbali na hiyo ya kichaa. Nami najiuliza: ikiwa dawa ni ile ile, kwa nini irudiwe mara tatu? Si njia ya kumtoza mtu fedha mara tatu?

Aidha, ningependa kufahamu daktari huangalia nini katika ziara ya kwanza. Kama nimchukue mtoto huyu sasa au nimwache kwa mama yake kwanza. Na vipi nitamfikisha mjini Wete, maana daladala hazipakii mbwa. La mwisho ni la tohara, yaani kujisafisha na najisi: wenzangu mnaofuga, mnafanyaje kumshika mnyama anayerambaramba kila kitu?

Sina haraka ya kumchukua, kwa hiyo atakayekuwa na nafasi ya kunijibu kwa urefu nitamshukuru.

Mstaafu wa Mifugo, Chake Chake, anajibu:

Wa alaykum salaam, ndugu Mkulima. Kazi yangu ilikuwa ya mifugo hapa hapa Pemba mpaka nilipostaafu, na nitakujibu kwa urefu kama ulivyoomba, hasa katika suala la kurudia sindano, kwa sababu hilo ndilo linalowapotosha wengi na wala hukukosea kulitilia shaka.

Mtoto wa mbwa hazaliwi na kinga yake mwenyewe ya kutosha. Kinga anayoanzia maisha huipata katika dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na utumbo wake huweza kuzipitisha kingamwili za mama, yaani askari wa mwili dhidi ya maradhi, kuingia kwenye damu kwa muda wa takriban saa 24 tu baada ya kuzaliwa. Aliyenyonya vyema siku hiyo huwa amepewa akiba na mama yake, na akiba hiyo hupungua wiki baada ya wiki. Tatizo ni kwamba kingamwili za mama hazitofautishi kati ya kirusi cha ugonjwa na kirusi kilichodhoofishwa kilichomo ndani ya chanjo. Zinakiangamiza hiki kama zinavyokiangamiza kile, na sindano inakuwa imepotea bure. Kwa mtoto mmoja akiba hiyo huisha akiwa na wiki nane, kwa ndugu yake wa tumbo moja akiwa na wiki 12, na kwa mwengine hata baada ya wiki 14, nasi hatuwezi kujua ni yupi mpaka tumpime damu. Ndiyo maana chanjo hurudiwa. Sindano tatu hizo si vipande vitatu vya kinga vinavyopangwa kimoja juu ya chengine. Ni sawa na kubisha hodi mara tatu kwenye nyumba usiyojua mwenyewe atarudi saa ngapi, na hodi moja ikijibiwa imetosha.

Kutokana na hayo utaona kuwa sindano muhimu kuliko zote ni ile ya mwisho, ambayo isipigwe kabla ya mtoto kutimiza wiki 16. Watu wengi hufanya kinyume: hukimbilia sindano ya kwanza kwa hamasa, wakapata kadi, kisha wakaishia hapo, na mtoto anapokufa wiki kadhaa baadaye husema chanjo haina maana. Muongozo unaotumiwa na madaktari wa wanyama wadogo duniani unaagiza kuanza katika wiki ya sita hadi ya nane na kurudia kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16 ipite. Kwa mtu wa shamba kama wewe, kuanza wiki ya nane, kurudia ya 12 na kumaliza ya 16 ni utaratibu unaotekelezeka bila ya kukuchosha. Baadaye hurudiwa tena mtoto akiwa na miezi sita au atakapotimiza mwaka, kwa jinsi daktari wako atakavyoona.

Chanjo hiyo ya mchanganyiko hukinga distempa (ugonjwa wa makamasi mazito na mtukutiko wa misuli), pavo (ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu) na homa ya ini ya mbwa, na mara nyingi huongezwa kinga ya ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya, ule ule ulioitwa homa ya mgunda ulipowashtua watu mkoani Lindi mwaka 2022. Sehemu hii ya mwisho ina kanuni zake: lazima ipigwe mara mbili kwa kupishana wiki chache, na irudiwe kila mwaka, kwani kinga yake haidumu. Shamba lenye panya wengi linastahili kupewa uzito katika hilo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni jambo jengine kabisa. Kirusi kilichomo humo kimeshauliwa. Hupigwa mara moja mtoto anapotimiza wiki 12, hurudiwa baada ya mwaka, na kuanzia hapo hufuatwa maelekezo ya chanjo yenyewe au kampeni za kila mwaka. Kwa hiyo jirani yako na yule kijana wa Dar es Salaam kila mmoja amesema jambo la kweli, ila walikuwa wakizungumzia chanjo mbili tofauti.

Sasa ziara ya kwanza. Mwache mtoto kwa mama yake mpaka atimize wiki nane. Katika wiki hizo hujifunza kwa nduguze kiasi gani cha kuuma kinaumiza, na anayetengwa mapema mara nyingi huwa muoga, na mbwa muoga ndiye anayemuuma mtoto wa nyumbani. Makadirio ya shemeji yako unaweza kuyahakiki kwa meno: ya mbele huanza kuchomoza katika wiki ya tatu au ya nne, na kufikia wiki ya nane meno yote 28 ya utotoni kwa kawaida yamekwisha kutoka.

Daktari atampima uzito kwanza, kwa sababu dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito. Atampima joto, ambalo kwa mbwa mzima wa afya ni nyuzi 38 na kidogo hadi 39 na kidogo, na akimkuta na homa hatamchanja siku hiyo. Atasikiliza moyo na mapafu, atapapasa kitovu kuona kama kuna ngiri, ataangalia kama korodani zimeshuka, na atamfunua mdomo. Hapo naomba na wewe uangalie. Akibonyeza ufizi kwa kidole, mahali palipobonyezwa hugeuka peupe, kisha wekundu hurudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ufizi uliopauka tangu mwanzo kama karatasi ni dalili ya upungufu wa damu, na kwa watoto wa mbwa wa huku sababu huwa ni safura, viroboto au kupe, au vyote pamoja.

Minyoo usiichukulie kuwa jambo dogo la kusubiri. Minyoo mirefu ya mviringo humpata mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake na tena kupitia maziwa, hivyo chukulia kuwa anayo hata kama huioni. Dawa inatakiwa kuanza angali na wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka atimize miezi sita. Mwambie shemeji yako asikungojee wewe, awape dawa watoto wote pamoja na mama yao. Mayai ya minyoo hiyo hukaa udongoni na huweza kuwaingia watoto wetu wanaochezea mchanga, kwa hiyo kinyesi kizikwe mbali na uwanja. Chukua na kinyesi kidogo kibichi ndani ya kikopo chenye mfuniko uende nacho kwa daktari.

La mwisho kwa leo, mwangalie daktari anapofungua boksi lake la barafu. Chanjo ya mchanganyiko kwa kawaida huja katika vichupa viwili vidogo: kimoja kina kitonge cha unga mkavu kilichoshikamana na kitako cha kioo, na chengine kina maji. Atavuta maji kwa bomba la sindano, atayaingiza kwenye unga, atavizungusha taratibu mpaka kitonge kiyeyuke chote, kisha atamchoma mtoto chini ya ngozi bila kuchelewa. Chanjo hizi hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8. Kichupa kilichochanganywa asubuhi kikazungushwa mfukoni mpaka adhuhuri si cha kukubaliwa, na mwenye kazi yake hatakasirika ukimuuliza. Akimaliza, hubandua kibandiko cha kichupa chenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi akakibandika kwenye kadi. Usiondoke bila ya kibandiko hicho na sahihi yake, kisha kaa hapo karibu nusu saa: mzio mkali, wa kuvimba uso, kutapika au kuishiwa nguvu, ukitokea, mara nyingi hutokea mapema.

Msasi wa Kusini, Unguja, anajibu:

Mheshimiwa Mstaafu ameshamaliza ya kitabibu. Mimi nitasema ya pua na ya tohara, kwani sisi wasasi wa nguruwe mwitu ndio tunaotajwa kila inapotokea hoja kwamba chanjo inaharibu mbwa.

Mzee jirani yako anastahili heshima yake, lakini katika hili sikubaliani naye. Mbwa wetu huchanjwa kila kampeni inapopita, na wananusa na kukabili nguruwe kama kawaida. Kinachoharibu pua ni distempa yenyewe. Mbwa aliyeipata hutokwa na makamasi mazito ya rangi ya usaha, macho huganda, na akinusurika, ngozi ya pua na nyayo huweza kukakamaa ikawa ngumu na yenye mipasuko. Wengine hubaki na mtukutiko wa misuli maisha yao yote. Nadhani wazee waliona mbwa aliyechanjwa akiwa tayari ameshaambukizwa, akaugua siku chache baadaye, wakaihukumu sindano. Na ugonjwa huo si wa mchezo: mwaka 1994 uliingia Serengeti ukaua karibu theluthi moja ya simba wa huko, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani.

Kuhusu tohara, sisi tulio wengi hapa ni watu wa madhehebu ya Shafi, na hukumu inajulikana: mate ya mbwa na majimaji yake ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi, na kumfuga mbwa kwa ajili ya kuwinda, kulinda mifugo au shamba kumeruhusiwa katika hadithi. Kwa hivyo panga mambo yako tu. Weka nguo maalumu za shamba, glavu za mpira za kumshikia anapokuwa na maji au matapishi, na chombo chake cha chakula ambacho hakiingii jikoni. Banda lake liwe shambani au pembezoni mwa uwanja, si barazani. Mimi ndoo ya mchanga safi na kata ya maji viko pale pale bandani, na jambo hilo limekoma kuwa usumbufu.

Safari nayo ni nyepesi kuliko unavyoihofia. Tenga la kuku, gunia kuukuu chini, kipande cha kitambaa alicholalia mama yake ndani, na juu lifungwe kwa kamba. Wanaokataa mbwa hukataa kwa kuchelea mate na mikojo kwenye viti. Tenga lililofungwa vizuri nyuma ya bodaboda, dereva akiambiwa mapema na akalipwa haki yake, halina mgogoro. Usimlishe kwanza saa moja mbili kabla ya kuondoka, kwani wengi wao hutapika njiani.

Bi Machomane, anajibu:

Naomba kutofautiana kidogo na walionitangulia katika hilo la kumbeba mpaka mjini. Mtoto wa wiki nane aliyechomwa sindano ya kwanza bado hana uhakika wa kinga, na mahali panapoletwa mbwa wagonjwa kutoka kila shehia ndipo penye hatari kubwa kwake. Kama hapana budi, asishushwe chini hata kidogo: abaki ndani ya tenga, tenga lenyewe liwekwe juu ya benchi au lisubiri nje chini ya mti, na atolewe pale tu daktari anapokuwa tayari.

Nasema hivi kwa kuwa nimeona pavo ilivyofanya uwanja wa pili kutoka kwangu. Watoto wa mbwa watatu walianza kwa kukataa maziwa, wakatapika povu la manjano, kisha wakaharisha damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuisikia haisahau. Hakupona hata mmoja, na baada ya miezi kadhaa mwenye nyumba alipoleta mtoto mwengine, naye hakuchukua muda. Kirusi hiki hukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka mahali penye kivuli, na sabuni peke yake haikiui, wala spiriti haikiui. Kinachokiua ni klorini, ile jiki ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu 30, ikaachwa dakika kumi juu ya sakafu iliyokwisha kusuguliwa kwa sabuni. Kwenye udongo mtupu haifanyi kazi ya maana. Basi, ndugu Mkulima, ulizia kama mahali unapotaka kujenga banda palishawahi kufa mbwa, na kama ndivyo, tafuta upande mwengine. Viatu pia huleta ugonjwa huo. Aliyetoka kwenye nyumba yenye mbwa mgonjwa asiingie bandani.

Badala ya kusafiri, mwite daktari aje. Wanapokea simu, na wengi wao wako tayari kufika vijijini ikiwa safari ina faida. Hapa kuna siri ambayo watu hawaambiwi: chanjo ya kichaa cha mbwa mara nyingi huwa katika chupa ya dozi kumi, nayo ikishatobolewa haiwekwi kwa siku nyingi, kwa hiyo daktari huona uzito kuifungua kwa ajili ya mbwa mmoja. Mkijikusanya wenye mbwa watano au sita siku moja, gharama ya usafiri hugawika na chupa haipotei. Chanjo ya mchanganyiko yenyewe ni kichupa kimoja kwa mbwa mmoja. Msikubali mtu awaambie kuwa, kwa vile mtoto ni mdogo, dozi moja inaweza kugawanywa kwa wawili. Chanjo haipimwi kwa kilo kama dawa ya minyoo. Mtoto wa kilo mbili na mbwa wa kilo 30 hupata dozi ile ile.

Na tuseme ukweli kuhusu fedha, kwa sababu si kila mkulima ataweza kulipia zote. Ikiwa uwezo wako ni wa chanjo mbili tu, basi kichaa cha mbwa isiachwe kwa hali yoyote, na ya mchanganyiko iwe moja, ipigwe akishatimiza wiki 16, wala si ya wiki ya nane. Mheshimiwa Mstaafu atanisahihisha kama nimekosea.

Mstaafu wa Mifugo anajibu:

Hujakosea, Bi Machomane. Muongozo wenyewe unasema hivyo hivyo kwa mazingira ambapo mtu ana uwezo wa dozi moja pekee. Nitaongeza tu kwamba anayechagua njia hiyo ajue kuwa mtoto wake atakaa miezi miwili bila ya kinga ya kutegemewa, na muda huo wote amzuie kabisa kukutana na mbwa wazururaji.

Kumzuia na mbwa si kumfungia gizani, hata hivyo. Kuanzia wiki ya tatu mpaka karibu wiki ya 14 ndipo mbwa anapojifunza nini ni cha kawaida duniani. Mbwa wako atakaa shambani na watu watapita: mpakate, au mbebe ndani ya tenga, azoee watoto wa skuli, mbuzi, kuku, mlio wa bodaboda na mtu aliyebeba kuni kichwani. Asiyeyaona hayo utotoni huyabwekea na kuyauma ukubwani, na mwisho wake utagombana na majirani badala ya tumbili.

Mkulima wa Kiuyu anajibu:

Nawashukuru nyote, shaka yangu ya sindano tatu imeondoka, na nimemsomea mzee jirani maelezo ya Msasi kuhusu pua. Hakusema kitu, ila ameuliza siku daktari atakapokuja.

Yamebaki mawili. Sheha ametuarifu kuwa kampeni ya kichaa cha mbwa huenda ikapita shehiani kwetu karibuni, na wakati huo mtoto wangu atakuwa na wiki tisa au kumi. Nimpeleke, au nisubiri wiki 12 kama mlivyosema? Pili, shemeji anasema mtoto ana kupe masikioni, na anataka kumpaka dawa ile ya kuogeshea ng'ombe, kwani anayo nyumbani. Je, inafaa?

Mstaafu wa Mifugo anajibu:

Nianze na la pili kwa kuwa ni la haraka: asimpake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe hutengenezwa kali ili ichanganywe na maji mengi, na kosa dogo la kipimo kwa mnyama wa kilo mbili, ambaye tena hujiramba, linaweza kumuua kwa mitetemeko. Kupe wachache wa masikioni wang'olewe kwa kibanio, wakishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kukamuliwa tumbo, na daktari atakapomuona atampa dawa inayolingana na umri wake. Vile vile asipewe vidonge vya binadamu vya maumivu au homa, hasa ibuprofeni, ambayo huchoma tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

Kuhusu kampeni, mpeleke. Hizo wiki 12 ni za maandishi ya chanjo na za daktari anayeweza kumuona mbwa wako mara nyingine, lakini katika kampeni kanuni ni kuchanja kila mbwa anayeletwa, hata mdogo, kwa sababu hakuna anayejua kama atapatikana tena. Kilicho muhimu ni kwamba sindano hiyo usiihesabu kuwa imekamilisha kazi: akishapita wiki 12, achanjwe tena. Wala usiwe na wasiwasi ukiona wachanjaji wametembea na chanjo hiyo juani wakiwa na boksi tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni stahimilivu kuliko ile ya mchanganyiko. Aina mojawapo inayotumika sana ilijaribiwa Tanzania, na ilibaki na nguvu yake hata baada ya kuwekwa miezi sita katika nyuzi 25, au miezi mitatu katika nyuzi 30.

Nina sababu ya kulisisitiza hili kwa mtu wa Pemba. Mwaka 2010 kisiwani kwetu kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi ya kichaa cha mbwa iliyokuwa ikienda sambamba, mbwa kwa mbwa, na watu waliumwa na wengine walikufa. Kampeni za kila mwaka za kisiwa kizima ziliikata yote kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili, ukasambaa, na haukumalizwa mpaka Oktoba 2018, baada ya kampeni za kisiwa kizima kurudishwa. Kinga ya kisiwa hupungua kwa njia ya kimya kimya: mbwa wakubwa waliochanjwa hufa, na nafasi zao huchukuliwa na watoto kama huyu wako, ambao hawajawahi kuona sindano. Wataalamu hutaka asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa, na bila ya kuwafikia watoto kiwango hicho hakifikiwi.

Kwa hiyo kadi yake itunze vizuri, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati zako nyengine. Mtu akikuomba mbwa huyo ampeleke Unguja au bara, asipande boti mpaka daktari wa mifugo ameiona kadi na kutoa kibali. Na anayekuletea mbwa kutoka huko, mdai kadi kabla hujampokea pale Mkoani au Wete. Akitokea mbwa yeyote, hata huyo mtoto, akakuuma au kumuuma mwanao na hujui hali yake, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo mkaanze sindano, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Ukipata siku ya daktari, andika na idadi ya mbwa wa mzee jirani, ili aje na vichupa vya mchanganyiko vinavyotosha.